Dumuzi wa Tabora: Njia Aliyopitia na Ulinzi wa Ghala la Kaya

Viumbe vamizi, yaani mimea, wadudu au wanyama walioondolewa katika makazi yao ya asili wakafikishwa mahali ambapo maadui wao wa kawaida hawapo, kisha wakazaliana kupita kiasi na kuharibu mali za watu au mazingira, ni nadra kusafiri mbali kwa nguvu zao wenyewe, kwa kuwa kinachowavusha bahari na mabara ni shehena, vyombo vya usafiri na miguu ya binadamu. Afrika Mashariki imewapokea viumbe wa aina hiyo, na imewatoa pia. Konokono mkubwa wa pwani yetu, anayeitwa na wanasayansi Lissachatina fulica, alifikishwa Mauritius, na kutoka huko mwaka 1847 mtaalamu wa konokono aitwaye William Benson akampeleka Calcutta nchini India, akaenea Asia na visiwa vya Pasifiki hata akatokea Miami, Marekani, mwaka 1966, ambako ilichukua karibu miaka kumi kumwangamiza. Katika upande wa kupokea, mkoa wa Tabora una historia ambayo kila mwenye ghala la mahindi au makopa, yaani mihogo iliyomenywa na kukaushwa, anapaswa kuifahamu, kwa sababu ni huko ambako mdudu aitwaye dumuzi aligunduliwa kwa mara ya kwanza katika bara zima la Afrika.

Dumuzi, ambaye jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus, ni mbawakawa wa jamii ya wadudu wanaotoboa mbao, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea na umbo la mcheduara. Kichwa chake kimeinamia chini ya ngao ya kifua kiasi kwamba hakionekani anapotazamwa kutoka juu, na mwisho wa mwili wake umekatika wima kana kwamba umepigwa shoka. Alama hizo zinatosha kumtofautisha na fukusi, mdudu wa siku zote wa maghala yetu, ambaye ana pua ndefu iliyochongoka na mwili mwembamba zaidi. Tofauti nyingine huonekana kabla hata ya mdudu mwenyewe kuonekana, kwa kuwa fukusi huacha punje zenye tundu la duara na vumbi kidogo, ilhali dumuzi, anayetoboa zaidi ya mahitaji yake ya chakula, huacha unga mwingi mweupe unaomwagika chini ya gunia au kutuama katikati ya magunzi. Msomaji anayekuta unga wa namna hiyo chini ya kihenge chake hana haja ya kusubiri uthibitisho mwingine ili aanze kuchukua hatua.

Namna mdudu huyu alivyofika haitenganishwi na nafasi ya Tabora katika historia ya usafirishaji. Mji huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliufahamu kwa jina la Kazeh na ambao ulikuwa kitovu cha Unyanyembe, ulisimama katikati ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na matawi yake yakaelekea Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857 wakakuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yaliyokwisha kuota mizizi, na wapagazi Wanyamwezi wakiwa ndio nguzo ya biashara yote. Njia hiyo ilibeba pembe, watumwa, shanga na nguo, lakini ilibeba pia mbegu na vijidudu. Mahindi na mihogo yenyewe, ambayo leo huonekana kama chakula cha asili cha Unyamwezi, ni mazao ya Amerika yaliyoingia barani kupitia pwani na kupitia bonde la Kongo, kisha yakasambaa mikononi mwa watu waliosafiri. Kwa hiyo dumuzi hakukuta Tabora meza ya kigeni, kwani alikula huko chakula kilekile alichokizoea kwao, kilichomtangulia kwa muda mrefu.

Kabla yake kulikuwa na mgeni mwingine aliyeonyesha jinsi njia hii inavyofanya kazi. Funza wa miguuni, anayeitwa pia tekenya, alifikishwa Ambriz katika pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili ikiwa na mchanga wa kuitia uzito. Akapanda mto Kongo pamoja na wasafiri, akalifikia eneo la maziwa makuu, kisha akashuka na misafara kuelekea bahari ya Hindi hata akawa Zanzibar kufikia mwaka 1898. Alivuka bara zima kwa robo karne tu. Hakuhitaji hata kufichwa ndani ya mzigo, kwa kuwa alikuwa ndani ya vidole vya waliobeba mizigo.

Baadaye reli ya kati ilifuata karibu mstari uleule wa misafara, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na hivyo Tabora ikabaki kuwa njia panda ambapo nafaka kutoka bandarini, kutoka ziwani na kutoka mashambani hukutana na kutawanyika tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kipindi ambacho chakula kingi cha msaada kiliingizwa nchini na kusafirishwa kuelekea magharibi, ikiwamo kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, wakulima wa Tabora walianza kuona mdudu wasiyemjua ndani ya mahindi yao, na mwaka 1981 wataalamu wakatangaza rasmi kwamba ni dumuzi wa Amerika ya Kati. Dhana inayokubalika zaidi ni kwamba aliingia na mahindi ya kutoka nje, na wananchi wenyewe walikuwa wamefikia hitimisho la namna hiyo mapema, kwani wengi walimwita mdudu huyo Scania, kwa jina la malori yaliyoleta nafaka. Kutoka Tabora alifuata barabara na reli, akaonekana Taveta nchini Kenya mwaka 1983 na Burundi mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984 aliripotiwa pia Togo, ambako alikuwa ameingia kwa mlango mwingine wa Afrika Magharibi. Na katika miaka ya 1990 akawa Malawi, Rwanda, Zambia na Uganda.

Hasara aliyoileta haikuwa ya kawaida. Kabla yake, upotevu wa mahindi unaosababishwa na wadudu katika ghala la mkulima mdogo wa Afrika Mashariki ulikuwa asilimia chache tu ya uzito kwa msimu mzima, kiasi ambacho kaya iliweza kukivumilia bila kubadili utaratibu wake. Utafiti uliofanyika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta baadhi ya maghala yaliyopoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi katika miezi mitatu hadi sita, ingawa wastani wa maghala yote ulikuwa chini sana ya hapo. Kwa makopa hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa yale ambayo hayakuchachushwa yalipoteza zaidi ya nusu ya uzito katika miezi minne, na yale yaliyochachushwa kabla ya kukaushwa, ambayo huwa laini zaidi, yalipoteza karibu robo tatu. Ikumbukwe kwamba mihogo ndiyo akiba ya mwaka mbaya, hivyo mdudu anayeharibu makopa huiondolea kaya kinga yake ya mwisho dhidi ya njaa.

Tofauti hiyo kubwa kati ya wastani na hasara ya juu kabisa inastahili kuzingatiwa, kwa sababu ndiyo iliyowapotezea wafuasi mabwana shamba wengi. Dumuzi huruka hasa wakati wa jioni, na hakuna dalili kwamba huvutwa na harufu ya mahindi kutoka mbali. Dume hutangatanga mpaka aangukie chakula kwa bahati, na akishakipata hutoa kemikali iitwayo feromoni, yaani harufu ya mwito, inayowakusanya wenzake wa jinsia zote mbili mahali hapo. Matokeo yake ni kwamba nyumba moja inaweza kuangamiziwa ghala lote wakati nyumba ya jirani haikuguswa, na mwaka unaofuata mambo yakageuka. Mkulima aliyenunua dawa mwaka ambao dumuzi hakuja huona amepoteza fedha, na yule asiyenunua akasalimika hujiona mjanja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejifunza jambo la kweli. Kinachofaa kuongoza uamuzi ni ukaguzi wa ghala lenyewe, tena unaofanywa kwa ratiba, na si kumbukumbu ya mwaka uliopita.

Jambo la pili linaloeleza ukaidi wake ni msitu. Tabora imezungukwa na miombo, na dumuzi, kwa asili yake ya kutoboa mbao, anaweza kuishi na hata kuzaliana katika matawi makavu na miti fulani ya porini. Mitego yenye feromoni iliyowekwa mbali na mashamba katika nchi mbalimbali za Afrika imemnasa kwa wingi. Kwa sababu hiyo fikra ya kumfutilia mbali, ambayo ingewezekana kwa mdudu anayeishi ghalani peke yake, haina msingi, na juhudi zinazodai kufanya hivyo hupoteza nguvu ambazo zingetumika vizuri zaidi nyumbani. Kisima cha dumuzi kipo porini na hakitakauka. Kilichobaki mikononi mwa mkulima ni kuamua jinsi anavyolihifadhi zao lake.

Uamuzi wa kwanza, na wenye uzito kuliko yote, ni kupukuchua mapema. Desturi ya kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, pengine na maganda yake, ikiwa ni darini juu ya moshi wa jiko au ndani ya kihenge cha fito, ilifaa dhidi ya fukusi kwa sababu maganda yaliyofunga vizuri humzuia, lakini kwa dumuzi desturi hiyo ni sawa na kumwandalia makazi. Mdudu huyu anahitaji kujiegemeza ili atoboe, na punje iliyoshikamana na wenzake kwenye gunzi humpa egemeo imara, wakati punje zilizolegea ndani ya gunia humtelezesha na kumchelewesha. Zaidi ya hayo, dawa ya unga inayonyunyizwa juu ya magunzi haimfikii aliyekwisha kujichimbia ndani. Kaya inayotaka kubadili jambo moja tu katika utaratibu wake wote, na ibadili hili.

Mavuno ya mahindi Tabora huangukia kwa kawaida mwezi Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha, na hapo jua hutosha kukausha punje bila gharama. Mahindi yasiachwe shambani kwa wiki nyingi baada ya kukomaa, kwa kuwa mashambulizi huanzia huko, na mdudu huingia nyumbani ndani ya mavuno bila mwenye mali kujua. Baada ya kuvunwa yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na yasimwagwe ghalani hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 13. Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi: chupa safi na kavu ya kioo hujazwa punje kiasi cha theluthi, huwekwa ndani yake vijiko kadhaa vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, hufungwa na kutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa itulie; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa, na isipoganda yanaweza kuingizwa ghalani. Ukavu huo ni kinga dhidi ya ukungu na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba ukavu peke yake humzuia dumuzi, kwani anaweza kukua hata katika mahindi yenye unyevu wa asilimia 9, ambao fukusi hawezi kuustahimili kwa urahisi. Kwa ukavu huo huo anapata hata nafasi ya kutawala bila mshindani.

Ghala nalo huandaliwa kabla ya mavuno kuingia. Masalia yote ya msimu uliopita yaondolewe, nyufa za kuta zizibwe kwa udongo, na takataka zichomwe mbali na nyumba. Nguzo, fito na mbao zenye matundu madogo ya duara yanayotoa vumbi zibadilishwe na kuchomwa, kwa sababu dumuzi hujificha ndani yake kati ya msimu na msimu, na ghala lililosafishwa sakafu tu huku nguzo zake zikiwa zimejaa mdudu litakuwa limefanyiwa kazi bure. Magunia ya zamani yageuzwe nje ndani, yakung'utwe, yachemshwe au yaanikwe juani kwa siku kadhaa. Jambo hili hupuuzwa sana na wafanyabiashara wanaozungusha magunia yaleyale kutoka kijiji hadi kijiji, na hakuna chombo kinachomsafirisha mdudu huyu kwa urahisi kuliko gunia tupu linalodhaniwa kuwa safi.

Kuhusu viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu, somo lililopatikana Tabora katika miaka ya 1980 lingali na nguvu. Dawa za kundi la oganofosfati, kama vile pirimifosi-methili, zilimuua fukusi vizuri lakini hazikumtosha dumuzi. Za kundi la pairethroidi, kama vile permethrini, zilimuua dumuzi lakini zikamwachia fukusi nafasi. Ndipo ukatengenezwa unga wenye mchanganyiko wa makundi yote mawili, uliojulikana madukani kwa jina la Actellic Super na uliotumiwa kwa kipimo cha gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Tangu hapo michanganyiko ya namna nyingine imeingia sokoni, kwa hiyo kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti inayonunuliwa, na pakiti isiyo na maelezo ya Kiswahili, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nusu. Dawa za pamba na tumbaku, ambazo Tabora hupatikana kwa urahisi kwa sababu ya kilimo cha mazao hayo, hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na kuzipaka kwenye mahindi ni kuwalisha watoto sumu.

Kuchanganya kuna utaratibu wake. Punje zilizokauka na kupepetwa humwagwa juu ya turubai, unga wa dawa hunyunyizwa kote, kisha fungu zima hugeuzwa kwa koleo kutoka upande mmoja hadi mwingine mara tatu au nne mpaka kila punje iwe imepata vumbi. Anayefanya kazi hiyo afunike pua na mdomo, avae glavu, na asitumie ungo au sufuria za jikoni. Wanaomwaga dawa juu ya gunia lililojaa kisha wakalitikisa wanajidanganya, kwa kuwa dawa hubaki juu na dumuzi huanzia chini. Muda wa kungoja ulioandikwa kwenye pakiti uheshimiwe, na mahindi yapepetwe na kuoshwa kabla ya kukobolewa au kusagwa.

Si lazima mavuno yote yatiwe dawa, na hapa kaya nyingi zinaweza kuokoa fedha. Madhara makubwa ya dumuzi huanza kudhihirika baada ya miezi mitatu hivi ya hifadhi, kwa sababu kizazi kimoja huchukua takriban wiki nne hadi tano kukamilika katika joto la ghala, na vizazi vya kwanza huwa na idadi ndogo. Kwa mfano, kaya inayotumia gunia moja la kilo 90 kwa mwezi na inayotarajia kula akiba yake kuanzia Julai hadi Mei inahitaji magunia 11. Matatu ya kwanza, yatakayoliwa kufikia Septemba, yanaweza kuwekwa bila dawa yakiwa yamepukuchuliwa na kukauka, na manane yaliyobaki ndiyo yatiwe dawa siku ileile ya kuingizwa ghalani, kiasi ambacho kwa kipimo kilichotajwa kingehitaji gramu 800. Kusubiri hadi Oktoba, joto linapopanda kuelekea mvua za Novemba, ndipo dawa itafutwe, ni kuchelewa, kwa kuwa mabuu waliomo ndani ya punje hawafikiwi na vumbi lililo nje.

Asiyetaka dawa ana njia ya kuzuia hewa, ambayo kwa chakula cha nyumbani huenda ndiyo bora kuliko zote. Mfuko wa tabaka tatu unaoitwa PICS, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, una mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mmoja wa salfeti. Kila mfuko husokotwa na kufungwa peke yake baada ya hewa kukamuliwa, na wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyobaki, wakaacha kula, kisha wakafa. Kabla ya kujazwa, mifuko ya ndani ipulizwe kwa hewa na kusikilizwa kama inavuja. Mfuko ukishafungwa usifunguliwe kwa mwezi mzima wa kwanza, na baadaye usifunguliwe kila siku kwa ajili ya debe moja. Ni vyema kaya iwe na mfuko mmoja wa kutumia na mingine isiyoguswa. Kwa dumuzi kuna tahadhari ya ziada, kwani taya zinazotoboa mti hazishindwi na plastiki, hivyo nafaka iliyokwisha kushambuliwa sana ichekechwe kwanza, mifuko iwekwe juu ya chaga mbali na kuta na nguzo za mbao, na panya wadhibitiwe. Mapipa ya chuma yenye mfuniko unaobana hufanya kazi hiyohiyo bila hofu ya kutobolewa, ingawa gharama yake ya mwanzo ni kubwa zaidi.

Majivu na majani ya mwarobaini, ambayo wazee waliyatumia kwa mafanikio dhidi ya fukusi, humpunguza dumuzi kwa kiasi tu, tena yakitumiwa kwa wingi unaojaza nafasi zote kati ya punje. Yafaa kwa madebe machache ya mbegu au maharage, si kwa akiba ya mwaka. Vidonge vya fosfini, ambavyo hutoa gesi inayoua kila kiumbe kilichomo ndani ya eneo lililofungwa, ni vya mafundi wenye mafunzo na maghala makubwa. Kuviweka kwenye gunia ndani ya chumba wanamolala watu ni hatari ya kifo, na ushauri wa muuza duka unaosema vinginevyo usisikilizwe.

Makopa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, havina ufumbuzi mwepesi kama wa mahindi, kwa sababu unga wa dawa hauwezi kuchanganywa navyo kwa usalama. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza muda: mihogo ni zao linaloweza kukaa ardhini likiwa hai, kwa hiyo kuvuna na kukausha kidogo kidogo kulingana na mahitaji ya mwezi mmoja au miwili ni hifadhi bora kuliko kihenge kilichojaa makopa kwa miezi minane. Pale inapolazimu kuyaweka kwa muda mrefu, makopa yakatwe vipande vidogo, yakaushwe hadi yavunjike kwa mlio, na yafungwe ndani ya pipa au mfuko usiopitisha hewa, yakiwa mbali na mahindi. Kuyachanganya katika ghala moja ni kulipatia kila zao wadudu wa jingine.

Wataalamu wamejaribu pia kumletea dumuzi adui yake wa asili, mbawakawa mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, anayefuata feromoni ileile na kula mayai na mabuu. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na katika baadhi ya maeneo amepunguza idadi ya dumuzi. Hajaondoa haja ya ulinzi wa ghala, na mkulima hana la kufanya juu yake isipokuwa kutomwogopa.

Wajibu wa mwisho unawahusu wanaosafirisha. Mnunuzi wa mahindi kutoka Urambo, Kaliua au Sikonge anayepeleka shehena Mwanza, Kigoma au Dar es Salaam afungue magunia kadhaa katikati ya rundo, si yale ya juu peke yake, achekeche kilo moja kutoka kila moja, na akikuta unga mweupe au mdudu mwenye mwisho uliokatika akatae mzigo au ausubirishe mpaka utibiwe na wenye mamlaka ya kufukiza. Ndani ya kaya ukaguzi huo ufanywe kila baada ya wiki mbili kuanzia Agosti, kwa kuingiza mkono hadi katikati ya gunia na kuchekecha punje kidogo juu ya karatasi nyeupe. Gunia lililokutwa na dumuzi litolewe ghalani siku hiyohiyo, lianikwe kwenye jua kali juu ya turubai, lichekechwe, vumbi lake lichomwe, kisha liwe la kwanza kuliwa.

Mbegu, kwa kaya inayotunza yake, isichanganywe na chakula hata kidogo. Punje bora zilizokauka vizuri hujazwa hadi mdomoni ndani ya dumu kavu la plastiki nzito lenye kifuniko kinachobana, dumu huandikwa jina la mbegu na mwaka, na huwekwa mahali penye kivuli. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, punje 100 hutolewa na kufunikwa ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa siku saba; zikichipua 80 au zaidi mbegu inafaa kupandwa, na zikipungua hapo, bado kuna wiki kadhaa za kutafuta nyingine.